Waya Unaovuka Kichochoro

Jumanne, 7 Aprili

Nimeanza kazi leo kwa Mjomba Musyoka. Mama amefurahi kuliko mimi. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke nimekuwa nikikaa chumbani nikimchambulia mboga zake za kuuza sokoni, na ameshanichoka bila kusema. Mjomba ni kaka yake wa pekee. Ndiye aliyetuleta Malindi kutoka Kitui baba alipofariki, na chumba tunacholala kiko nyuma ya karakana yake. Mtu kama huyo humwambii hapana.

Kazi yenyewe ni kuwafungia watu intaneti majumbani. Fundi ni Cliff, mrefu, mcheshi, anaongea hata na ngazi. Mimi nabeba mfuko wa vifaa, naishika ngazi, naandika majina ya wateja daftarini. "Na kuongea na kina mama," Mjomba akasema. "Cliff akiingia nyumba za watu peke yake, waume wananuna."

Nikaitikia kwa kichwa. Cliff akauliza kama sauti yangu imekuja nami au itafuata na gari la mizigo.

Jumatano, 8 Aprili

Cliff amenipasulia waya nione ndani. Ule tunaoupeleka nyumbani ni mweusi, bapa, mwepesi kama kamba ya kiatu. Katikati mna uzi wa kioo, mwembamba karibu kama unywele wangu (nimelinganisha). Mwanga hupita humo kwa njia moja tu, ndiyo maana hufika mbali bila kufifia. Ubavuni mna waya wa chuma. Huo haubebi habari yoyote. Kazi yake ni kuushikilia uzi wa kioo usikatike upepo ukivuma. Vyote viwili vimevikwa ngozi moja ya plastiki.

"Mteja akikuuliza kama faiba inapiga shoti, unamjibu nini?"

Sikujua.

"Unamwambia haina stima, mama, ni mwanga tu. Wanapenda sana hilo. Ni kama umewaambia malaika anaingia dirishani."

Nimelikariri.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeunga uzi wangu wa kwanza! Mashine ya kuungia ina kioo kinachokuza, unaziona ncha mbili zikisogeleana polepole kama watu wanaoogopana, halafu cheche, basi, zimekuwa uzi mmoja. Mashine ikaandika kwamba mwanga uliopotea ni kidogo mno. Cliff alimwita Mjomba aje aone. "Mikono ya huyu haitetemeki," akamwambia. Mjomba akanishika bega. Katika maisha yangu nimesifiwa kwa kunyamaza tu.

Jumanne, 14 Aprili

Leo tumefunga kwa Mzee Nasor, katika vile vichochoro vya mji wa zamani. Anaishi na mkewe, Bi Saleha, na binti yao Rayhana, ambaye mumewe Mohammed yuko Doha kikazi. Intaneti ni kwa ajili ya Mohammed, wamwone uso kila siku.

Da Rayhana ana miaka thelathini na kitu, anauza mahamri na mkate wa sinia. Aliniuliza jina mara mbili, mara zote mbili nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. "Haya basi," akasema, "mimi nitakwita Bi Kimya. Bi Kimya, karibu chai. Au nayo yakutisha?" Nilikunywa vikombe viwili.

Nguzo iko upande wa pili wa kichochoro. Cliff alipandisha waya wetu, akauvusha juu, akauleta mpaka kwenye kulabu ya ukuta wa nyumba. Nyaya za stima za mtaa ule ni kongwe na ziko wazi, hazina ngozi yoyote. Nilipotazama kutoka chini niliona waya wetu umeulalia mmojawapo.

"Cliff, umegusa ule."

"Ule hauna ngozi, wetu unayo. Ngozi moja yatosha wawili." Akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu alilisema kama methali.

Halafu kamba. Ni desturi ya Mjomba: mteja mpya hupewa kamba ya kuanikia nguo kutokana na masalio ya waya. Haiozi, haikatiki, na majirani wakiiona huuliza imetoka wapi. Ndiyo tangazo letu. Kwa kawaida tunakata kipande, tunakifunga uani peke yake. Hapa masalio yalikuwa marefu na yalikuwa bado yameungana na waya wenyewe. Nilishika koleo nikate.

"Usikate," Cliff akasema. "Ukikata itabidi nitafute kulabu ya pili. Tenga tu. Kioo kiingie ndani, chuma kiendelee uani."

Nikatenga. Ukitenganisha chuma na kioo, ngozi ya chuma hubaki nyembamba, na mahali pengine huchanika. Nikaivuta hiyo kamba ya chuma kutoka kulabuni mpaka kwenye nguzo ya jiko la nje, nikaikaza ikalia kama uzi wa gambusi. Da Rayhana akaanika kanga papo hapo. Bi Saleha akauliza kama kitu hiki kina stima.

"Haina stima, mama. Ni mwanga tu," nikasema. Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizosema leo, na nilijivunia.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua ya kwanza. Nyumba tatu.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Hatukutoka.

Jumatatu, 27 Aprili

Nilipita kichochoro cha Mzee Nasor nikienda dukani. Upepo wa kusi umeanza na waya wetu unacheza juu ya ule wa stima, mbele na nyuma, kama mtu anayesugua sahani. Nilisimama nikatazama mpaka Mzee Nasor akaniamkua kutoka barazani. Nikamwambia shikamoo nikaondoka.

Nitamwambia Mjomba.

Jumanne, 28 Aprili

Mjomba amekwenda Magarini, kuna kazi ya shule. Atarudi Alhamisi.

Alhamisi, 30 Aprili

Mjomba amerudi amechoka, amelowa mpaka kwenye soksi. Nilikwenda mpaka mlangoni mwa ofisi. Akainua macho. "Ndinda, vipi?" Nikasema nimekuja kumwambia habari ya jioni. Akasema nzuri. Nikarudi chumbani.

Mimi ni mjinga kabisa.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua usiku kucha, paa linavuja juu ya kitanda cha Mama. Nyumba mbili. Zote mbili nimekata kamba ya nguo nikaifunga peke yake, na Cliff akaniachia.

Jumanne, 5 Mei

Da Rayhana alipiga simu kwamba picha ya Mohammed inakatikakatika. Cliff alinituma peke yangu, kwa sababu ilikuwa plagi ya rauta tu. Nikairekebisha. Mohammed akatokea kwenye simu, amevaa kofia ya kazi, akanisalimia kwa jina la Bi Kimya. Kumbe wamenisema mpaka Doha.

Nilipokuwa naondoka Da Rayhana akasema, "Hebu njoo uone kamba yako ina mchezo." Alinipeleka uani. Kulikuwa kumenyesha asubuhi. "Nguo zikiwa mbichi hunitekenya vidole. Leo imenitekenya hadi hapa." Akanionyesha kiwiko. Akawa anacheka. "Au ndio huo mwanga wenu?"

Nilimwambia asiiguse mpaka nimlete fundi. Nilisema hivyo. Nakumbuka nilisema. Lakini nililisema kwa sauti yangu hii, na palepale mamake akaita mkate unaungua, akakimbia jikoni. Sijui kama alisikia.

Nilimwambia Cliff moja kwa moja, barabarani, wala sikuzunguka. Akaacha kucheka. Akasema, "Kesho tutapita." Halafu akasema, "Lakini usimwambie bosi kwamba nilikuzuia kukata. Nitarekebisha mwenyewe."

Jumatano, 6 Mei

Mvua kubwa. Cliff anasema huwezi kuegemeza ngazi kwenye nguzo ya stima mvua ikinyesha. Ni kweli, huwezi.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua imekatika saa nne. Mjomba ametupeleka Matsangoni kwa mteja mkubwa, kutwa nzima. Nilimtazama Cliff garini, akatazama nje.

Jumamosi, 9 Mei

Sikusema.

Jumatatu, 11 Mei

Leo nimeazimia. Niliandika kwenye karatasi: Mjomba, waya wa kwa Mzee Nasor umelalia stima na kamba yao ya nguo imeungana nao. Niliikunja nimpe mkononi, nisihitaji kusema. Alikuwa na wageni wawili kutoka kaunti, wanazungumzia zabuni. Nikaiweka chini ya kikombe chake. Jioni nilikuta Mama, ambaye humsafishia Mjomba ofisi, amefuta meza na vikombe vimeoshwa. Mama hasomi vizuri. Karatasi alikuwa ameiwashia jiko.

Kesho nitasema kwa mdomo.

Jumanne, 12 Mei

Da Rayhana amekufa.

Jumatano, 13 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hayana mpangilio.

Jana saa tano kulianuka, watu wakaanika. Saa saba mvua ikarudi kwa ghafla. Da Rayhana alitoka kuanua nguo, miguu mitupu, uani kumejaa maji. Bi Saleha alikuwa ndani anasali adhuhuri. Alisikia kishindo, hakukata sala. Leo wanawake wanasema analirudia hilo tu: sikukata sala. Alipotoka alimkuta binti yake amelala matopeni, mkono mmoja bado umeng'ang'ania kamba na kanga. Jirani, mwanamume anayeitwa Nyale, aliruka ukuta na mchi wa kutwangia akaipiga kamba mpaka ikakatika kutoka kulabuni. Walimpeleka hospitali, lakini alikwisha fariki.

Mimi nilikuwa karakanani, nafungua boksi la rauta. Simu ya Cliff ililia. Akasikiliza, akakaa chini juu ya boksi. Akasema, "Ni kwa Nasor."

Mjomba alitoka ofisini. Cliff akamwambia yote kwa pumzi moja: waya, stima, kamba, na kwamba mimi nilimwonya wiki iliyopita. Sikutegemea angelisema hilo. Mjomba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Alikuwa na uso kama wa mtu aliyeamshwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna," Cliff akasema.

"Basi hakuna."

Leo asubuhi wamemzika. Wanaume wa mtaa wote walifuata jeneza, kichochoro kikabaki kitupu. Ndipo Mjomba akaegesha gari. Nilidhani tumekwenda kutoa pole. Akafungua nyuma, akatoa ngazi.

"Shika," akaniambia.

Nikashika. Naandika hivi nijue mwenyewe: nilishika ngazi. Mjomba alikwisha kupigia watu anaowajua wa stima wazime laini kwa nusu saa, kwamba anarekebisha nguzo. Cliff akapanda, akakata waya wetu huku na huku, ukaanguka kichochoroni. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wanasoma. Niliuokota nikaukunja. Mahali uliposuguana na ule wa stima, ngozi ilikuwa imeliwa kiasi cha ukucha, na chuma ndani kimekuwa cheusi, na samawati pembeni. Uzi wa kioo ulikuwa mzima kabisa. Haukuwa na mkwaruzo.

Akavuta mwingine, mpya, mbali na nyaya za stima, juu ya vishikizo, kama inavyotakiwa. Ilichukua dakika ishirini. Dakika ishirini tu. Akaniambia niingie ndani niunge.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Rauta iko kwenye kabati la vyombo. Nikaunga. Mikono yangu haikutetemeka. Stima iliporudi na taa ya kijani kuwaka, simu ya Da Rayhana, iliyokuwa imelazwa palepale kabatini, ikaanza kulia. Mohammed, picha yake, kofia ya kazi. Hakuna aliyeipokea. Jirani mmoja alisema Mohammed amekosa ndege mpaka kesho, na anaendelea kuipiga simu hiyo tu.

Mjomba aliuchoma waya wa zamani nyuma ya karakana, pamoja na kipande cha uani, ambacho Cliff alikichukua matopeni. Plastiki ikaungua, chuma tukakitupa jalalani.

Ijumaa, 15 Mei

Maafisa wa stima walikuja jana kwa Mzee Nasor. Nimesikia kwa Mama, naye kasikia sokoni. Wamekuta taa ya jiko la nje ina waya ambao Mzee Nasor aliuvuta mwenyewe miaka iliyopita, umefungwa kwenye nguzo ileile ya jiko ilipokuwa kamba. Wameandika kwamba stima ilivuja kutoka hapo. Wamekata umeme wa nyumba nzima.

"Maskini mzee wa watu," Mama akasema. "Kamwua mwanawe kwa kubana matumizi."

Nilitoka nje.

Jumapili, 17 Mei

Kanisani Mjomba aliomba waumini wamkumbuke "mteja wetu aliyefikwa na msiba." Watu wakafumba macho. Mimi sikufumba. Alikuwa anatokwa na machozi, na yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonichanganya. Nilidhani mtu mwovu hujulikana.

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Nyumba moja. Mteja akauliza kama ina stima. Sikujibu. Cliff akajibu.

Ijumaa, 22 Mei

Nimepita kichochoro. Mzee Nasor amekaa barazani, hana kofia. Watu wanamsalimia, anaitikia kwa mkono. Nyale ananiambia mzee ameng'oa nyaya zote za nyumba kwa mikono yake, hata za sebuleni, na hali chakula kinachopikwa katika lile jiko. Bi Saleha humpikia ndani kwa mkaa, moshi umejaa nyumba. Bado hali.

"Watu wanamwonea huruma," Nyale akasema. "Lakini Mohammed amefika, na hamwamkui mkwewe."

Jumanne, 26 Mei

Nilimwambia Mama. Nilidhani nikimwambia mtu mmoja litapungua.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya beseni la sukuma wiki. Akasema, "Aliyekufa hatarudi."

"Lakini mzee anadhani ni yeye."

"Mzee ana nyumba yake, ya mawe, ana watu wake. Sisi tuna nani? Mjomba wako akifungwa tunalala wapi? Wewe mwenyewe ndiye uliyefunga hiyo kamba. Umelifikiria hilo, au unafikiri watamshika yeye peke yake?"

Nimelifikiria.

"Basi kaa kimya," Mama akasema. "Hilo unaliweza tangu kuzaliwa."

Jumatano, 27 Mei

Idi ya kuchinja. Mji mzima una harufu ya nyama. Mzee Nasor hakwenda kusali.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua.

Jumapili, 31 Mei

Mvua. Sijala. Mama anasema nina malaria.

Jumanne, 2 Juni

Nilitoka saa mbili asubuhi, nikamwambia Mama nakwenda dukani.

Mzee Nasor alikuwa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe, Bi Kimya." Alinikaribisha nikae. Nikakataa, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza na habari ya mvua.

Nikasema, "Stima haikutoka jikoni."

Hakugeuka. Nikaendelea, nikatazama mlango wa jirani kwa sababu uso wake sikuuweza. Nilimwambia waya ulivyolalia ule wa stima. Kwamba kioo hakibebi umeme lakini chuma hubeba. Kwamba kamba ilikuwa chuma kilekile, hakikukatwa. Kwamba Da Rayhana alinionyesha kiwiko, tarehe tano. Kwamba siku ya mazishi, wao wakiwa makaburini, tulikuja na ngazi. Sikujua kama nasikika. Nilipomaliza, Nyale alikuwa amesimama upande wa pili wa kichochoro na mswaki mdomoni, kwa hiyo nadhani nilisikika.

Mzee Nasor akauliza, "Kamba aliifunga nani?"

"Mimi."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekubaliana na hesabu. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti. Alilia bila sauti kwa muda mrefu, na sikujua kama analia kwa kuwa hakumwua, au kwa kuwa sasa hakuna kilichobaki kumfanyia ila kumkosa.

Bi Saleha alikuwa nyuma ya pazia. Sijui tangu lini.

"Siku ishirini na moja mume wangu hajanitazama machoni," akasema. "Siku ishirini na moja, nawe wapita hapo nje na mfuko wako."

"Ndiyo, mama."

"Ulikunywa chai yake."

"Ndiyo."

"Ondoka, mwanangu. Siwezi kukuapiza, una mamako. Lakini ondoka nisikuone."

Nikageuka niende. Mzee Nasor akasema, "Ngoja." Alikuwa anatafuta viatu vyake kwa miguu. "Haya uliyoyasema, utayasema mbele ya serikali?"

"Nitasema."

"Basi twende sasa hivi, kabla hujawa mtu mzima ukajifunza kuficha."

Tulikwenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi. Alitangulia, mimi nyuma. Penye barabara kubwa alisimama, akanyoosha mkono kuzuia pikipiki, akangoja mpaka nilipovuka.

Alhamisi, 4 Juni

Nimeandikisha maelezo mara mbili. Wamesema mimi ni shahidi kwa sasa, mengine wataamua baadaye. Cliff alikwenda mwenyewe kituoni, jana, amevaa shati la kanisani. Amethibitisha yote. Mjomba walimchukua karakanani mbele ya wateja.

Mama hajaniambia neno tangu juzi. Anapika, anaweka sahani, anatoka.

Jumatatu, 8 Juni

Mjomba ametoka kwa dhamana. Kampuni imefungwa kwa amri. Alikuja chumbani kwetu, akasimama mlangoni. Nilidhani atanipiga, na Mama naye alidhani, kwa sababu aliinuka.

"Ungeniambia mapema," akasema. "Mwezi wa nne. Ningekwenda siku ileile na ngazi."

"Nilijaribu, Mjomba."

"Hukujaribu. Ulisimama mlangoni ukaniambia habari ya jioni."

Nimegeuza maneno hayo siku nzima nione kama ni ya uongo. Yeye alificha, alichoma, alimwacha mzee wa watu abebe maiti ya mwanawe mara mbili. Hayo ni yake. Lakini ni kweli kwamba hadi Jumanne ile alikuwa hajafanya lolote kati ya hayo, na ni kweli angekwenda na ngazi. Namjua.

Ametupa muda mpaka mwisho wa mwezi tuwe tumehama.

Jumatano, 10 Juni

Nimelipitia daftari la wateja, nakala yangu. Kabla yangu Cliff alikuwa na msaidizi mwingine, na wao mara nyingi hawakuikata kamba. Nilimpigia Cliff. Tumezikumbuka pamoja, nyumba kwa nyumba. Kumi na tisa zina chuma kilichoungana. Kituoni waliandika orodha, wakasema watu wa stima watapita. Niliuliza lini. Wakasema wakipata gari.

Mvua inanyesha.

Jumamosi, 13 Juni

Juzi na jana nimemaliza nyumba sita. Ninakwenda kwa miguu na koleo la mpini wa mpira, glavu, na testa ya Cliff ya kupimia stima. Mlangoni nasema jina langu na kwamba kamba tuliyowapa ni hatari, naomba niikate. Wengine wanashukuru. Wengine wamesikia habari ya Da Rayhana na wananitazama mikono. Mmoja alifunga mlango.

Leo ilikuwa nyumba ya saba, Muyeye, kwa mama mmoja anayeitwa Kavumbi. Ana watoto watano. Kamba ilikuwa imejaa sare za shule tangu mwisho hadi mwisho, na wingu lilikuwa limeshafika juu ya paa.

"Zikikauka utakata," akasema. "Jumatatu wavae nini?"

"Mama, usiziguse kwanza, niipime."

"Nisiguse nguo za wanangu? Wewe ni nani hasa? Mlileta kamba wenyewe, mkaisifu wenyewe, sasa mmekuja kuichukua. Mmepata mteja mwingine wa kumpa?"

Matone yakaanza. Akachukua beseni aende kuanua. Sikupanga. Nilijikuta nimesimama kati yake na kamba, mikono nimeitandaza, napiga kelele. Sijui nilisema nini. Watoto walitoka mlangoni kutazama. Alinisukuma kwa beseni, nikarudi palepale. Akaniita mwendawazimu, akaniita mchawi wa bara ingawa yeye pia ni wa bara. Mvua ikatushukia sote wawili, na sare zote zikalowa upya mbele ya macho yetu, na sikuondoka mpaka alipochoka akaliweka beseni chini.

Nikavaa glavu, nikaipima. Testa haikuwaka. Nikapima tena kulabuni, na tena kwenye nguzo. Kamba ile haikuwa na kitu.

Niliikata hivyohivyo. Nguo zikaanguka matopeni. Kavumbi alinitukana mpaka nilipofika barabarani, na watoto wakamsaidia.

Zimebaki nyumba kumi na mbili.